Kijiko Kwenye Nyumba ya Mkwe

Kama gazeti la juma lililopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usijali. Ni Dainess yule yule, na balaa ni lile lile, ila sasa limehamia Matema.

Kwa kifupi: Dainess ana kijiko. Si cha kulia wali. Ni lile lidude la njano lenye mkono mrefu wa chuma, linalong'oa visiki na kuangusha kuta. Alianza na watu wa mapanga, ukaja msumeno wa mota, mwisho akanunua kijiko kilichokwisha kuchoshwa na kazi za barabara. Anasafisha viwanja, anang'oa mikakao iliyozeeka, anabomoa mabanda na maghala. Kyela nzima inamjua, ingawa si kwa yale mazuri.

Ni yeye ambaye kijiko chake kilizama kwenye mpunga wa watu kule Ipinda, kikavutwa kwa kamba na kwaya nzima ya kanisa huku wakiimba. Ni yeye aliyeitwa kubomoa banda la kuku la mchungaji, akalibomoa vizuri kabisa, choo nacho kikafuata. Mchungaji hakuwemo, tumshukuru Mungu.

Baada ya choo, ndugu wa mumewe walikaa kikao. Mumewe, Gwamaka, alijaribu kumtetea mara moja, kisha akanyamaza na kuomba chai. Wakaamua: kazi moja zaidi. Akiharibu hiyo, lidude liuzwe, naye arudi shambani kulima mpunga kama wake za watu wengine.

Na kazi yenyewe waliyompa, msicheke, ilikuwa kubomoa nyumba ya baba mkwe.

Msomaji wa mbali atauliza shida iko wapi. Shida ni kwamba kwa Wanyakyusa wa kale, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake macho kwa macho. Haketi alipokaa, hali chakula alipokula, na jina lake halimtoki mdomoni. Akimwona anakuja njiani, anaingia majanini mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameacha. Wako wakamwana wanaopiga picha na wakwe zao wakiwa wamekumbatiana, na dunia haijapasuka.

Lakini Mzee Anyitike ni wa kale. Sisi tunaweza kumtaja, maana hajatuozea mtu. Dainess naye alilelewa na bibi wa kale. Tangu aolewe hakuwahi kuuona uso wa mkwe wake. Alimjua kwa viatu, kwa kikohozi, na kwa mgongo wa koti lake la kahawia.

Sasa mama huyu abomoe nyumba ya mtu asiyeruhusiwa kumwona. Sharti la ukoo lilikuwa fupi: nyumba ishuke, heshima isishuke.

Nyumba yenyewe ilikuwa chini kabisa, karibu na ziwa. Maji yalikuwa yamepanda mwaka hadi mwaka mpaka kuta zikapata ufa wa kupitisha mkono. Watoto wakamjengea mzee nyingine kule juu, chini ya mlima, yenye bati jipya na sakafu ya saruji. Ilibaki kuiondoa ya zamani kabla haijamwangukia.

Mpango wa Dainess ulikuwa mzuri. Mzee angeshinda Lyulilo kwa rafiki yake Lazaro, wakitazama mitumbwi ikishusha vyungu. Huku nyuma kijiko kingefanya kazi, na mzee angerudi akute uwanja umefagiwa.

Asubuhi ile Dainess akafika, akajificha nyuma ya migomba, kitenge kimemfunika kichwa hadi nyusi. Akamsubiri wifi yake alete habari kwamba mzee ameondoka.

Wifi yake anaitwa Kisa. Ni binti mkubwa wa mzee, anayemwita Tata, yaani baba, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kile kikao. Alikuja akitembea kwa raha.

"Ugonile, wifi. Tata anasema haendi Lyulilo."

"Haendi? Kwa nini?"

"Anasema nyumba yake inakufa leo, na mtu hasafiri siku ya msiba wake. Ameweka kiti uwanjani. Amevaa na koti."

Dainess akachungulia kati ya majani. Kweli, lile koti la kahawia lilikuwa pale, limempa mgongo, limeketi wima.

"Mwambie baba vumbi litamuumiza kifua."

Kisa akageuka. Kutoka pale migombani hadi kwenye kiti cha mzee ni umbali wa mtu kurusha ndizi na kuipokea. Mzee alikuwa amesikia kila neno, lakini desturi ni desturi.

"Tata, mkamwana wako anasema vumbi litakuumiza kifua."

"Mwambie kifua ni changu," mzee akajibu, akitazama ziwa.

"Wifi, anasema kifua ni chake."

"Nimesikia."

"Hujasikia. Mimi ndiye niliyesikia, wewe umeambiwa."

Kisa aliipenda kazi hii. Alikuwa anaongeza na chumvi kidogo kila anaporudi.

"Basi mwambie asogeze kiti hadi kule kwenye banda la jiko, mbali na ukuta."

"Tata, anasema unasumbua, usogee."

"Wifi! Sikusema hivyo!"

"Nimefupisha."

Mzee akainuka, akakibeba kiti chake mwenyewe, akakisogeza hadi jikoni. Dainess akaona mabega ya lile koti yakitikisika kidogo. Akadhani ni kikohozi.

Ikaja shida ya pili, na hii ilikuwa ya Fortunatus, mwendesha kijiko. Fortunatus ni mtu wa Sumbawanga, mpole, na akiwa juu ya mashine hasikii chochote. Siku zote Dainess husimama mbele yake na kumwongoza kwa mikono: shusha, inua, simama. Leo asingeweza kusimama mbele ya nyumba, kwa sababu mbele ya nyumba ndipo alipo mkwe.

"Bosi," Fortunatus akamwuliza, "kwani huyu mzee umemkosea nini?"

"Sijamkosea. Namheshimu."

"Kwetu ukimheshimu mtu unamsalimia."

"Kwenu ni kwenu. Sikiliza. Mimi nitakuwa hapa migombani. Nikitikisa mgomba huu kidogo, shusha. Nikiutikisa kwa nguvu, simama papo hapo. Umeelewa?"

Fortunatus akautazama mgomba, akamtazama bosi wake, akapanda mashine. Ameendesha vijiko mikoa mingi. Hakuwahi kuongozwa na mgomba.

Mwanzo mambo yalikwenda. Mgomba ukatikisika kidogo, mkono wa chuma ukashuka, chumba cha nyuma kikalala chini taratibu. Majirani waliokuja kutazama wakapiga vigelegele. Hata Kisa alisema, "Mh!" na kwa Kisa hiyo ni sifa. Dainess akaanza kujisikia mtu. Akawaza kwamba jioni ataingia Kyela mjini juu ya lori lililobeba kijiko chake, ameketi mbele, kioo kimeshushwa, wote waliomcheka wamwone.

Ndipo upepo ukaamka ziwani.

Ukavuma juu ya mchanga, ukaingia migombani, na migomba yote ikatikisika kwa pamoja. Fortunatus akasimama. Upepo ukapungua, majani yakatikisika kidogo tu, Fortunatus akashusha. Ukavuma tena, akasimama. Ikawa shusha, simama, shusha, simama, hadi kijiko kikaonekana kinaitikia kwa kichwa. Majirani wakacheka mpaka wakashikana.

"Wifi," Kisa akasema, "hilo lidude lako lina kifafa?"

Fortunatus akazima mashine, akapiga kelele kutoka juu. "Bosi! Migomba yako inanichanganya! Mimi naendelea kwa macho yangu. Kuanzia sasa siangalii jani hata moja!"

Dainess angemfuata na kumkatalia. Lakini kumfuata ni kupita mbele ya jikoni, na jikoni kuna koti la kahawia. Akaishia kumtuma Kisa. Kisa akaenda, akarudi.

"Anasema sawa."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia aendelee."

Mashine ikanguruma tena. Sasa ilibaki sebule peke yake, na mlango wake wa mbele. Gwamaka alikuwa amepanda kule juu kupeleka kitanda cha mzee kwa bajaji. Kisa aliingia kwa jirani kuangalia chai ya watu. Majirani wote walikuwa wamezunguka upande wa kijiko, wanatazama chuma kinavyokula ukuta.

Dainess peke yake hakukitazama kijiko. Kwa mazoea ya miaka yote ya ndoa, jicho lake moja lilikuwa kwa mkwe, ili ajue aelekee wapi akisogea.

Na hivyo ni yeye peke yake aliyeona kiti kitupu.

Akaangaza macho. Lile koti lilikuwa mlangoni. Mzee Anyitike akainamisha kichwa, kama mtu anayeingia kwake siku zote, akaingia sebuleni.

Na Fortunatus alikuwa anauinua mkono wa chuma juu ya ukuta wa sebule hiyo hiyo.

Dainess akaushika mgomba, akautikisa kwa nguvu zake zote. Akautikisa mpaka mkungu ukakatika na kumwangukia mguuni. Fortunatus hakugeuka. Jani hata moja, alikwisha sema.

"Simama!" Dainess akapiga kelele. "Fortunatus! Simama!" Mashine ikanguruma zaidi.

Hapa msomaji ujue ni nini kilikuwa kinazunguka kichwani mwa mwanamke huyu. Akitoka migombani akamfuata mkwe ndani, mbele ya uwanja mzima, amevunja heshima, kijiko kinauzwa. Akibaki, amemzika baba wa mume wake. Kwa mtu mwingine hesabu hiyo ni nyepesi. Dainess naye hakuifikiria muda mrefu, lakini aliifikiria, na alijichukia kwa hilo hata alipokuwa ameanza kukimbia.

Alikimbia. Kitenge kikabaki migombani. Akaupita uwanja kichwa wazi, akapita chini ya mkono wa chuma, Fortunatus akamwona na kuvuta wenzo wa kusimamisha. Mashine ikasimama. Ukuta haukusimama, kwa sababu ulikwisha guswa. Dainess alikuwa amevuka kizingiti tu, matofali ya juu ya mlango yakashuka nyuma yake kwa kishindo, na mlango ukazibika.

Vumbi likajaa sebule nzima. Hakuna aliyeweza kuona hata mkono wake.

"Baba!" Dainess akaita. "Baba, umeumia?"

Kikohozi kile anachokijua kikajibu. Kisha sauti, karibu kabisa na sikio lake.

"Sijaumia. Usigeuke."

Dainess akakaza shingo. Akahisi mgongo wa koti umegusana na mgongo wake. Walikuwa wamesimama wamepeana migongo katikati ya sebule, wote wawili wanakohoa, na vumbi limewasitiri vizuri kuliko kitenge. Alitaka kulia, na alitaka pia kumgombeza mzee huyu mpaka sauti imkauke.

"Baba, umefuata nini humu? Ungekufa!"

"Nilikuja kukiaga chumba. Mke wangu alifia hapo ulipokanyaga." Akapangusa vumbi usoni. "Na nikasema, yule akinifuata, nitamwambia jambo langu. Asiponifuata, basi."

"Yule nani?"

"Wewe. Wote pale nje wanatazama mashine. Watoto wangu huwa wananitazama wakitaka shamba. Wewe ndiye unayejua niko wapi kila saa, maana ndiyo kazi yako, kunikwepa. Tangu uje, nikiingia uwanjani nasikia mtu mmoja ameacha kusonga ugali na kusikiliza viatu vyangu. Nani mwingine ananisikiliza hivyo?"

Dainess hakuwahi kufikiri kwamba aliyekuwa anakwepwa alikuwa anajua.

"Sasa sikiliza upesi," mzee akasema. "Ile nyumba mpya sihamii."

"Huhamii? Baba, hii tumeibomoa!"

"Najua, nilikuwa natazama. Umebomoa vizuri, ndaga, asante. Ile ya juu nimempa dada yangu Catheline. Kule Ikombe nyumba yake imelowa na ziwa mpaka ikalala, na yeye ni mjane. Asubuhi alishukia Lyulilo na vyungu vyake, sasa ameshafika kule juu. Nilimpa ufunguo jana."

"Wifi Kisa anajua?"

"Angejua, ungesikia ukiwa Kyela."

Hilo lilikuwa kweli.

"Na Gwamaka?"

"Gwamaka amepeleka kitanda. Nadhani sasa hivi anajua."

Dainess akafumba macho. Alimwona mumewe kule juu, kitanda cha baba yake mikononi, shangazi mlangoni anamwelekeza pa kukiweka.

"Sasa wewe utalala wapi, baba?"

Mzee akakohoa kikohozi kifupi. Dainess akakitambua. Ni kile anachotoa kabla ya kusema jambo ambalo amekwisha kuliamua.

"Kwako."

"Kwa Gwamaka?"

"Gwamaka naye anakaa kwako. Nimesema kwako."

Fikiria, msomaji. Mwanamke huyu akimwona mzee barabarani anaingia majanini. Sasa mzee anataka kuhamia kwake, alale chumba cha pili, aoge bafu hilo hilo, aulizie chai asubuhi.

"Baba, haiwezekani! Nitapita wapi? Nitapika wapi?"

"Hata mimi nimeliwaza. Lakini Kisa anaongea sana, na mwanangu Ezekiel kule Mbeya ananipangia saa ya kulala. Nimechoka kuwa mtoto wa watoto wangu. Kwako kuna mtu anayeniogopa vizuri."

Akashusha sauti zaidi.

"Na wewe una shida yako. Walisema ukinivunjia heshima hiyo mashine iuzwe. Haya, umekuja kichwa wazi hadi mgongoni kwangu. Wamekuona ukiingia, lakini mimi hawajaniona. Nikisema sikuwemo humu, sikuwemo. Kuna upenyo hapo nyuma, nitatokea upande wa ziwa kama niliyekwenda kujisaidia. Kijiko chako kinabaki. Na mimi napata pa kulala."

Dainess hakuamini masikio yake. Mzee wa kale, mzee wa baraza, mzee ambaye ukoo mzima ulimlindia heshima kwa migomba na vitenge, alikuwa anampa bei.

Akashangaa zaidi kujikuta anataka kucheka.

Nje, kelele zikaanza. Fortunatus alikuwa anapiga mayowe kwamba bosi amefukiwa. Majirani walikuwa wanavuta matofali. Juu ya sauti zote, bajaji ikafunga breki, na Gwamaka akasikika akihema.

"Kisa! Kisa, mbona shangazi Catheline yuko kwenye nyumba ya baba? Anapanga vyungu sebuleni! Na baba yuko wapi?"

Kimya kikashuka uwanjani, kile kimya cha watu wanaotazama kiti kitupu.

Kisha miguu ya Kisa ikaja mbio hadi chini ya dirisha, na sauti yake ikasikika, nina hakika, mpaka Lyulilo.

"Wifi! Umo na nani humo?"

"Mjibu," mzee akanong'ona. "Lakini nijibu mimi kwanza."

Vumbi lilikuwa linaanza kutulia. Dainess aliweza kuiona mikono yake tena, na bega moja la kahawia pembeni mwa jicho. Angechelewa kidogo tu, wangeonekana, wote wawili, mgongo kwa mgongo, na pasingekuwa na kitu cha kupatana bei wala cha kuficha. Moyo wake uligawanyika. Alikitaka kijiko chake. Alimwonea huruma mzee huyu aliyegawa nyumba yake ya bati jipya kama mtu anayegawa ndizi. Na aliogopa, kuliko alivyoogopa ule ukuta, kuishi na uso asioruhusiwa kuuona.

"Baba," akasema, "nyumba yangu ina mlango mmoja."

Nyuma yake mabega ya lile koti yakaanza kutikisika, na safari hii Dainess akajua kwamba hakikuwa kikohozi, na kwamba hata asubuhi ile hakikuwa kikohozi.

"Si una kijiko?" mkwe wake akamwambia. "Toboa wa pili."

Vidole vya Kisa vikashika ukingo wa dirisha. Dainess alikuwa na nafasi ya kumjibu mtu mmoja tu.